Kupanda Mchongoma: Somo la Mwavuli kwa Shule Zetu

Wahenga waliotuachia methali kwamba kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, hawakuwahi kuona ndege wala mwavuli wa kurukia. Hata hivyo, mkufunzi wa miavuli atakayetakiwa kuifupisha kazi yake yote katika sentensi moja hatapata iliyo bora kuliko hiyo. Kupanda angani ni kazi ya rubani na injini yake. Kujitupa nje ya mlango wa ndege ni kazi ya ujasiri wa nukta chache. Lakini kushuka, na hasa zile futi mia chache za mwisho baina ya nyayo na ardhi, ni kazi ya elimu. Palipo na elimu hiyo mtu hutua, akakunja kitambaa chake, akaenda kunywa chai. Pasipo nayo, huenda kukawa na matanga.

Msomaji wa Kanyangi, pale Kitui inapoelekea kupakana na Makueni, anaweza kuuliza: haya yanatuhusu nini sisi? Kwetu hakuna shule ya miavuli. Tunao uwanda wa Yatta, ule mkondo wa lava iliyoganda wenye urefu wa takriban kilomita 300. Tunao Mto Athi, mibuyu, migunga na jua lisilo na huruma. Askari wa miavuli tunawaona kwenye runinga katika sherehe za kitaifa, wakishuka uwanjani na bendera zikipepea miguuni mwao, nasi tunapiga makofi na kurudi kwenye shughuli zetu. Naam, swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba darasa la mwavuli ni miongoni mwa madarasa machache duniani ambamo kosa la mwanafunzi husahihishwa na ardhi yenyewe, wala si kwa kalamu nyekundu. Kwa sababu hiyo waliolianzisha walilazimika kujiuliza, kwa uzito kuliko sisi walimu wengine, swali hili: mtu hufundishwaje jambo ambalo hatapata nafasi ya kulikosea mara ya pili? Shule zetu za bweni, za Ukambani na kwingineko, zinalihitaji sana jibu la swali hilo.

Mwavuli uliofunguka si mwavuli uliotua

Tarehe 22 Oktoba 1797, Mfaransa André-Jacques Garnerin alijitenga na puto lake juu ya jiji la Paris akiwa katika kikapu kilichoning'inia chini ya mwavuli wa hariri. Mwavuli ulifunguka vyema. Hata hivyo haukuwa na tundu la kupitishia hewa kileleni, na kwa hiyo uliyumba kama pendulo njia nzima hadi chini. Miaka 122 baadaye, tarehe 28 Aprili 1919, Leslie Irvin aliruka kutoka kwenye ndege huko Ohio, Marekani, akaanguka huru kwa muda, kisha akaufungua kwa mkono wake mwavuli uliokuwa umekunjwa mgongoni. Jaribio hilo lilisifiwa kote duniani kuwa ushindi, na kweli lilikuwa ushindi. Lakini Irvin alipofika ardhini alivunjika kifundo cha mguu.

Kifundo hicho kimebeba somo zima. Mtu alishinda anga, akashindwa na mita moja ya mwisho. Mwavuli wa mviringo wa siku hizo ulikuwa ukimshusha mtu kwa kasi ya mita tano au sita hivi kwa sekunde, sawa na kuruka kutoka juu ya ukuta wa mita moja na nusu, huku upepo ukimsukuma utakako. Wanajeshi wa karne iliyopita walishuka hivyo kwa maelfu. Hapa jirani tu, alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964, askari wa miavuli wa Ubelgiji walimwagwa juu ya uwanja wa ndege wa Stanleyville, mji ambao leo ni Kisangani. Kinga kubwa ya askari wa namna hiyo anapogusa ardhi ni kujua kuanguka: miguu ikiwa imebanwa pamoja, magoti yamelegea kidogo, na pigo la ardhi likigawanywa kutoka nyayo hadi shavu la mguu, kisha paja, nyonga, na hatimaye ubavu. Mwanafunzi hufundishwa mwanguko huo kutoka juu ya jukwaa fupi, tena na tena, mpaka mwili uufanye bila kushauriana na akili.

Katika miaka ya 1960, Domina Jalbert, mzaliwa wa Quebec aliyekuwa akitengeneza vishada na maputo huko Florida, alibuni mwavuli wa aina nyingine kabisa. Huu haukuwa kikombe cha kushika hewa, bali ulikuwa bawa la kitambaa: vyumba vingi vilivyoshonwa sambamba, vilivyo wazi mbele, ambavyo hewa huingia na kuvijaza hadi kitambaa kikakakamaa. Bawa hili halianguki tu. Huruka kwenda mbele. Lina vishikio viwili, kimoja cha kila mkono, na anayeruka anaweza kulielekeza kulia, kushoto, au kulipunguza mwendo. Bawa hilo ndilo linalotumiwa leo na vilabu vya michezo ya anga, pamoja na wanaoruka juu ya fukwe za Diani, kule Kwale, ambako Wakenya na wageni huja kujaribu mchezo huu.

Maendeleo hayo yalileta neema na mtihani kwa pamoja. Aliyeshuka kwa mwavuli wa mviringo alikuwa abiria. Anayeshuka kwa bawa ni dereva, na dereva anaweza kugonga.

Darasa lililo chini ya mti

Hebu tutazame jinsi dereva huyu anavyofundishwa. Siku ya kwanza hapandi ndege mpaka amekaa darasani kwa saa kadhaa. Huvalishwa mikanda ileile atakayoivaa angani, akaning'inizwa chini ya boriti kama ndizi, kisha mkufunzi huanza kumsimulia misiba. Kamba zimejisokota: utafanya nini? Mwavuli umetoka nusu: utafanya nini? Hakuna kilichotoka kabisa: utafanya nini? Wala mwanafunzi hajibu kwa maneno matupu. Hutakiwa atazame kishikio cha kulia, akishike, atazame cha kushoto, akishike, auachilie mwavuli mkuu ulioharibika, kisha avute ule wa akiba. Akikosea hurudia. Akipatia hurudia pia, kwa sababu kupatia mara moja kunaweza kuwa bahati.

Tazama mpangilio wa mafunzo hayo. Katika shule nyingi msiba huja mwishoni mwa kitabu, sura ya nyongeza isomwayo muda ukisalia. Katika darasa la mwavuli msiba umetangulizwa. Mwanafunzi haonjeshwi utamu wa anga mpaka ajue njia ya kutoka kwenye uchungu wake.

Jambo la pili ni namba. Mtu anayeanguka huru akiwa amelaza tumbo hufikia kasi ya takriban kilomita 190 hadi 200 kwa saa, yaani mita 54 hivi kila sekunde. Kwa kanuni za Chama cha Miavuli cha Marekani, ambazo hufuatwa pia na wengi walio nje ya nchi hiyo, mwanafunzi anayejifunza kuanguka huru huanza kufungua mwavuli wake akiwa futi 5,500 juu. Akiona una kasoro, anaruhusiwa kujaribu kuurekebisha, lakini mpaka futi 2,500 tu, ambazo ni kama mita 760. Hapo ndipo kimo cha uamuzi. Ikiwa afikapo hapo mwavuli bado hautawaliki, mjadala umekwisha. Anautupa na kuvuta wa akiba.

Kwa nini kiwekwe kimo badala ya kumwachia mtu busara yake? Ni kwa sababu binadamu aliye taabuni hupenda kujidanganya kwamba mambo yatatengemaa punde si punde. Kwa mwendo wa mita 54 kwa sekunde, aliye katika kimo cha mita 760 bila mwavuli amebakiwa na sekunde 14 kufika ardhini. Sekunde 14 hazitoshi kushauriana na nafsi. Uamuzi wapaswa uwe umefanywa chini ya mti, jana, mtu akiwa ametulia. Angani anatekeleza tu.

Kipo pia kifaa kidogo cha kielektroniki kinachopima mkandamizo wa hewa na kuufungua mwavuli wa akiba chenyewe ikiwa mtu bado anaanguka kwa kasi akiwa karibu na ardhi. Kifaa cha namna hiyo kilichoingia sokoni kutoka Ujerumani mwaka 1991 kimeokoa roho nyingi, na wanafunzi wa leo hawaruki bila chombo cha jinsi hiyo. Lakini kifaa hicho kinajua kufungua tu. Hakijui kuelekeza, hakioni mti, wala hakijui upepo unatoka wapi. Hata kikifanya kazi yake sawasawa, mwanafunzi bado anabaki na shughuli ya kutua.

Mkono wenye hofu

Hapa tumefika kwenye kiini cha jambo. Mtu wa kawaida hudhani kwamba wanaokufa katika mchezo huu ni wale ambao miavuli yao imekataa kufunguka. Wako wa namna hiyo. Lakini tangu mabawa ya kasi yaenee, sehemu kubwa ya waliokufa na kuvunjika wamefikwa na hayo wakiwa chini ya mwavuli mzima, uliofunguka barabara, usio na kasoro hata moja. Waliuawa na namna walivyouendesha.

Sababu yake ni ya kifizikia, na mwalimu wa fizikia anaweza kuieleza ubaoni kwa dakika tano. Anayevuta kishikio kimoja kwa nguvu huliinamisha bawa upande mmoja. Bawa lililoinama hupoteza sehemu ya nguvu iliyokuwa ikilibeba, likapiga mbizi, na mwili unaoning'inia chini yake ukatupwa nje kama jiwe la kombeo. Kwenye kimo cha futi 2,000 hilo ni burudani, kwani bawa litajirekebisha. Kwenye futi 50 ardhi itafika kabla bawa halijajirekebisha.

Basi mfikirie mwanafunzi aliyebakiza futi 50, ghafla akauona mti mbele yake, au akatambua kwamba anatua akiwa amepewa mgongo na upepo. Silika inamwamrisha jambo moja tu: vuta upande mmoja, geuka, kimbia. Mkono unaoitii amri hiyo ndio unaoua. Kwa hiyo wakufunzi wamepanga vipaumbele vya kutua ambavyo mwanafunzi hukaririshwa kama sala. Kwanza, tua bawa likiwa sawa, halikuinama. Pili, tua mahali palipo wazi, mbali na vikwazo. Tatu, vuta vishikio vyote viwili kwa pamoja, angalau nusu, ili kupunguza kasi. Nne, anguka kwa ule mwanguko wa askari wa zamani. Kutua ukiukabili upepo, jambo ambalo kila mwanafunzi hulitamani, hakumo hata katika hayo manne. Bora kutua na upepo mgongoni, bawa likiwa sawa, ukabingirika na kuchubuka magoti, kuliko kugeuka chini chini ili utue kwa madaha.

Ili mwanafunzi asijikute katika njia panda hiyo, hufundishwa kuanza kupanga mapema. Mara mwavuli ufungukapo hujiuliza maswali matatu: Upo? Umekaa mraba? Unatii? Huvuta vishikio, akageuka kulia na kushoto, akajaribu breki kungali na kimo cha kutosha kuutupa. Kisha huitafuta njia yake. Kwa kawaida huanza kushuka na upepo akiwa futi 1,000, hukata kona afikapo futi 600, na akiwa futi 300 huwa ameukabili upepo kwa ajili ya mwendo wa mwisho. Afikapo futi 10 au 12 hivi huvuta vishikio vyote viwili kwa pamoja, naye bawa likamtua kama mama amwekaye mtoto kitandani. Akivuta mapema mno, asiviachie ghafla, kwani bawa litapiga mbizi. Avishikilie palepale alipofika na kujiandaa kubingirika.

Mwanafunzi hupewa bawa kubwa, aghalabu la mita za mraba 24 au zaidi, kwa kuwa bawa kubwa lina mwendo wa pole na husamehe makosa. Kanuni nilizotaja zinamkataza kuruka upepo unapozidi kilomita 22 hivi kwa saa, na zinataka uwanja wake uwe umbali wa mita 100 kutoka kwenye kikwazo chochote kikubwa. Aidha, mtu hapewi leseni ya kwanza kabla ya kuruka mara 25, na tangu 2012 leseni ya pili haipatikani Marekani bila kozi maalumu ya kuendesha mwavuli.

Angetua Kanyangi

Tumshushe mwanafunzi wetu Kanyangi basi, kwa kuwaza tu, saa nane mchana mwezi wa Septemba. Ardhi imekauka, mchanga unachoma. Hewa iliyo juu ya mchanga huo imepata joto na inapanda. Iliyo juu ya kichaka cha jirani haijapata joto kama hilo, na inashuka. Mwewe anazunguka bila kupiga bawa, na huyo ni shahidi wa kwanza kwamba hewa inapanda. Chamchela linavuka njia likibeba vumbi na majani makavu, na huyo ni shahidi wa pili. Bawa la kitambaa lililojazwa hewa tu likiingia katika hewa ya namna hiyo linaweza kuinuliwa, likayumbishwa, hata kukunjwa upande. Nyuma ya mbuyu mkubwa au jengo la ghorofa, upepo hukorogeka kwa umbali unaoweza kufikia mara kumi hadi ishirini ya kimo cha kizuizi hicho. Kisha kuna migunga yenye miiba, makorongo, ua wa mkonge, na waya za umeme ambazo kutoka juu hazionekani. Mtu huziona nguzo tu, na hufundishwa kuamini kwamba baina ya nguzo na nguzo kuna waya hata kama macho hayaoni.

Mtoto wa Kanyangi anayafahamu mambo haya mengi kuliko anavyodhani. Anajua chamchela hupenda kutokea saa ngapi. Anajua asubuhi hewa imetulia. Anajua moshi wa jiko huelekea wapi jioni. Hiyo ndiyo elimu ya hewa, ambayo mwanafunzi wa jijini angelazimika kuinunua. Kwa nini isiingizwe darasani? Mwalimu mwenye mfuko wa nailoni, uzi, jiwe na saa anaweza kuonyesha kwa nini mwavuli mkubwa huchelewa kufika chini na kwa nini tundu dogo kileleni hupunguza kuyumba. Na hapo hapo awaonye wale watoto ambao katika kila kijiji hujaribu kuruka kutoka darini kwa leso. Leso ina mita ya mraba moja na nusu hivi. Bawa la mwanafunzi lina zaidi ya mara 15 ya hiyo, na hata hilo huhitaji mamia ya futi ili lifunguke. Ujuzi wa hesabu hiyo unaweza kuuokoa mguu, au uti wa mgongo, wa mtoto wa mtu.

Je, ajali haina kinga?

Tuna msemo tunaoupenda sana misibani: ajali haina kinga. Tunautamka kwa upole ili kumfariji mfiwa, na kwa nia hiyo haudhuru. Lakini tunapoutumia katika ofisi na mikutano ya bodi, msemo huo hugeuka kuwa pazia.

Takwimu za miavuli zinaupinga. Nchini Marekani, katika miaka ya 1970, mchezo huu ulikuwa ukiua zaidi ya watu 40 kwa mwaka kwa wastani. Mwaka 2023 walikufa 10, ijapokuwa watu waliruka takriban mara milioni 3.65. Anga halikuwa laini zaidi, wala mvutano wa dunia haukupungua. Vilivyobadilika ni vifaa, kanuni na mafunzo, pamoja na tabia moja ambayo naiona kuwa mama wa hizo nyingine: ajali inapotokea huchunguzwa, kisha habari yake huchapishwa katika jarida lao bila kulitaja jina la marehemu, kila mtu asome alichofanya na angalifanya nini. Lengo si kumtafuta wa kulaumiwa, bali ni kumzuia wa pili asife kwa sababu ileile.

Sasa tugeuke tujitazame. Machi 1998, wasichana 26 waliteketea bwenini Bombolulu, Kwale. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, wavulana 67 waliteketea Kyanguli, Machakos, hapa hapa Ukambani. Septemba 2017 msiba ukafika Nairobi. Septemba 2024, watoto 21 wakafa Endarasha, Nyeri. Bombolulu na Kyanguli zilisimulia kisa kimoja: mlango uliofungwa, madirisha yenye vyuma. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni: bweni liwe na mlango kila upande na mwingine wa dharura katikati, milango ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, na wanafunzi wafanye mazoezi ya kukimbia moto. Kwa hiyo kanuni tunazo. Tulichokosa ni boriti ya kuning'inia, yaani mazoezi yanayoishusha kanuni kutoka kwenye karatasi hadi kwenye misuli.

Mwanafunzi anayeamshwa saa saba usiku na moshi yuko katika hali ileile ya mwenye futi 50 na mti mbele yake. Hana muda wa kufikiri. Atafanya kile mwili wake ulichozoea, na kama haukuzoea chochote, atafuata silika: atajificha chini ya kitanda, au atakimbilia mlango uleule anaoupita kila siku hata kama moto unatokea hapo. Kizima-moto kilichotundikwa ukutani, ambacho hakuna aliyefundishwa kukitumia, ni sawa na kile kifaa cha elektroniki: ni kizuri, lakini hakijui kutua.

Kimo cha uamuzi nacho kina mahali pake maishani mwetu. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na maji katika Mto Enziu, Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Simwandikii hukumu yeyote. Waliokufa wamekufa. Nasema tu kwamba ukingoni mwa mto uliofurika si mahali pa kuanzia kujadiliana. Shule yenye basi ingeweza kuandika kanuni moja leo, jua likiwaka: maji yakipita juu ya daraja, basi halivuki, awe ni nani aliyemo na iwe ni saa ngapi. Dereva akiwa na kanuni hiyo mfukoni hahitaji kubishana na abiria wenye haraka. Anatekeleza tu.

Ziko hoja za kupinga, nami sizidharau. Wapo watakaosema kwamba muhula ni mfupi na silabasi ni ndefu. Lakini zoezi la kutoka bwenini usiku, likipangwa vizuri, halimalizi nusu saa. Wapo watakaosema kwamba tutawatia watoto hofu. Darasa la mwavuli linaonyesha kinyume chake: anayejua la kufanya ndiye mwenye moyo uliotulia, na asiyejua ndiye anayetetemeka. Wapo pia watakaosema kwamba madirisha yenye vyuma huzuia wezi na utoro. Ni kweli. Lakini mwizi huiba godoro, na godoro hununuliwa tena.

Hatima ya haya yote imo mikononi mwa walimu wakuu, bodi na wazazi. Mwalimu wa zamu auweke muda wa kulitoa bweni, auandike, na muhula ujao ajaribu kuupunguza. Kila kiranja apewe ufunguo na afundishwe mlango wake. Tukio dogo, kama waya uliotoa cheche au godoro lililofuka moshi, litangazwe paredi bila kumwaibisha aliyelisababisha, ili shule nzima ijifunze. Na nyinyi wanafunzi, mnapoamshwa usiku kwa zoezi, msinung'unike wala kuligeuza mzaha. Mwanafunzi wa mwavuli hurudia mwanguko uleule mpaka mbavu zikamuuma, si kwa sababu anapenda vumbi, bali kwa sababu ameambiwa ukweli kuhusu ardhi.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wazee. Irvin alivunjika kifundo mwaka 1919, na waliomfuata wakakaa chini wakajifunza kutokana na kifundo hicho. Sisi tumezika wavulana 67 Kyanguli, kisha tukaendelea kuzika. Mchongoma tumeshaupanda: tumejenga mabweni na kuyajaza watoto. Iliyobaki ni kuwafundisha kushuka, na hiyo ni kazi ya muhula huu.